Karo ya mtoto wa Butere isiwe hisani ya mwanasiasa

Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliketi mbele ya Kamati ya Elimu ya Bunge la Kitaifa akatamka jambo ambalo wengi serikalini walilijua na kulinyamazia. Serikali, alisema, haimudu shilingi 22,244 kwa mwaka ilizoahidi kwa kila mwanafunzi wa sekondari. Inachomudu ni kama shilingi 16,900. Kelele zikatanda nchi nzima. Wakosoaji wakadai elimu bila malipo imezikwa, wakubwa serikalini wakakimbilia maikrofoni kuwatuliza wazazi, na waziri mwenyewe akalazimika kurudi kufafanua.

Walimu wakuu wa shule za kutwa za Butere, kaunti ya Kakamega, hawakuhitaji kungoja waziri awaambie. Taarifa ya benki ilikuwa imewaambia zamani.

Butere ina sababu nyingine ya kuufuatilia mjadala huu kwa karibu kuliko maeneo mengi. Kabla ya Rais William Ruto kumpeleka Hazina ya Kitaifa mwaka 2024, Mbadi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Uhasibu wa Pesa za Umma, ile PAC inayopitia ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na kuwabana makatibu wa wizara kuhusu kila senti. Alipoondoka, kiti kikamwendea Tindi Mwale, mbunge wa Butere na mwanachama mwenzake wa ODM. Kwa hiyo aliyekuwa akiuliza pesa zimeenda wapi sasa ndiye anayeulizwa, na anayepaswa kumuuliza anatoka eneo bunge ambalo wazazi wake wanalipia pengo hilo kwa kuuza kuku.

Hilo ni jukumu zito, na Butere inajua uzito wake. Mbunge wake wa miaka mingi, Martin Shikuku, alijijengea jina la mlinzi wa wananchi kwa kuuliza maswali yaliyowakera wakubwa. Oktoba 1975 alisema ndani ya Bunge kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge jinsi walivyoiua KANU. Naibu Spika Jean-Marie Seroney alipotakiwa amdai ushahidi, alijibu kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Wote wawili wakakamatwa, wakazuiliwa bila kufunguliwa kesi, na hawakuachiliwa hadi Jomo Kenyatta alipokuwa ameshafariki. Siku hizi mbunge hawekwi kizuizini kwa kuuliza swali. Kisingizio cha kutouliza, basi, hakipo.

Swali lenyewe linaanzia kwenye hiyo 22,244. Mwai Kibaki alipofungua milango ya shule za msingi Januari 2003, idadi ya wanafunzi iliruka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Miaka mitano baadaye, 2008, ikaja zamu ya sekondari za kutwa, kila mwanafunzi akitengewa shilingi 10,265. Kiwango kikapandishwa kidogo kidogo hadi kikafika 22,244 mwaka 2018, wakati serikali ya Uhuru Kenyatta ilipotangaza kuwa kila mtoto anayemaliza darasa la nane ni lazima aingie kidato cha kwanza. Agizo hilo lilitekelezwa kwa bidii. Machifu na wazee wa mtaa walitembea nyumba kwa nyumba wakiwasaka watoto ambao hawajaripoti shuleni. Pesa hazikusakwa kwa bidii hiyo.

Tangu hapo unga, kuni, karatasi na umeme vimepanda bei mara kadhaa. Kiwango kimebaki pale pale kwenye karatasi, na kwenye akaunti za shule kikashuka.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Katika bajeti ya 2025/26 elimu ilitengewa shilingi bilioni 702.7, fungu kubwa kuliko wizara yoyote. Zaidi ya nusu, bilioni 387.8, zilikuwa za Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC), nyingi zikiwa mishahara. Sekondari za kutwa zikapewa bilioni 51.9. Gawanya bilioni 51.9 kwa 22,244 na utapata wanafunzi wapatao milioni 2.3. Gawanya kwa 16,900 na utapata kama milioni tatu. Waziri hakuwa na siri yoyote ya kufichua. Mtu yeyote mwenye simu yenye kikokotoo na nakala ya hotuba ya bajeti ya Juni angeweza kuligundua pengo hilo jioni ile ile bajeti iliposomwa. Wabunge walioipitisha bajeti hiyo walikuwa na vyote viwili.

Sasa hesabu hiyo iletwe kijijini. Tuseme shule ya kutwa yenye wanafunzi 300, ukubwa wa kawaida kabisa magharibi mwa Kenya. Tofauti ya 22,244 na 16,900 ni shilingi 5,344. Zidisha kwa 300 na shule imepoteza shilingi 1,603,200 kwa mwaka. Kwa pesa hizo ingewalipa walimu 13 wa BOM shilingi elfu kumi kila mwezi, mwaka mzima. Walimu wa BOM ndio wale walioajiriwa na bodi ya shule kwa sababu TSC haijaleta wa kutosha. Katika shule nyingi za vijijini ndio wanaofundisha fizikia na hisabati, na mshahara ukichelewa ndio wa kwanza kuondoka, mara nyingi katikati ya muhula, wakiacha kidato cha nne bila mtu wa kumalizia silabasi.

Ukitaka kuona pengo hilo kwa macho, nenda jikoni. Serikali hailipii chakula cha mchana katika shule ya kutwa. Ni mpango wa wazazi, kwa pesa au kwa gorogoro za mahindi na maharagwe. Sufuria kubwa la githeri linachemka juu ya kuni za mkopo. Mwenye kuni anamdai mwalimu mkuu, mwenye maharagwe sokoni anamdai mwalimu mkuu, na fundi aliyekarabati paa la maabara ameshachoka kupiga simu. Mgao wa muhula ukichelewa wiki nne, mwalimu mkuu anabaki na njia mbili. Akope zaidi, au awatume watoto nyumbani wakalete karo. Asubuhi unawaona wanafunzi wenye sare wakirudi kwa makundi kandokando ya barabara ya Sabatia saa nne, daftari mkononi, na kila mtu anaelewa bila kuuliza. Kisha afisa wa wizara anajitokeza kwenye runinga akiwaonya walimu wakuu wasithubutu kumfukuza mtoto kwa sababu ya karo. Yule anayeonya ndiye anayedaiwa.

Kwa utaratibu, mgao wa mwaka hutumwa kwa awamu tatu: asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu. Mpangilio huo una mantiki, kwa kuwa gharama nyingi huja Januari. Mantiki yake inakufa pale asilimia 50 inapoingia vipande vipande, kingine kikifika wakati wanafunzi wanafunga shule.

Halafu kuna ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu. Ukaguzi wake maalum uliohusu miaka minne, kuanzia 2020/21 hadi 2023/24, ulibaini kuwa shule za umma zilipokea takriban shilingi bilioni 117 pungufu ya zilizostahili, sehemu kubwa ikiwa ya sekondari. Ukaguzi huo huo ukagundua kwamba wakati shule halisi zikinyimwa, pesa zilikuwa zikitumwa kwa shule hewa, majina yasiyo na darasa wala mwanafunzi, na kwamba nyingine zilipewa kupita idadi ya watoto walionao. Wizara ikaitikia kwa kuagiza data za wanafunzi zihakikiwe upya katika muhula wa tatu wa 2025, shule kwa shule, kabla ya pesa kutolewa.

Kuhakiki ni jambo jema. Lakini tazama jinsi mzigo ulivyoangukia. Shule hewa haina mtoto wa kushinda njaa pesa zikizuiliwa. Shule ya kweli ya Marama Kusini inaye, tena mia kadhaa, na ilikaa ikingoja ithibitishwe kwamba ipo. Uhakiki huo ungefanywa Aprili au likizo ya Agosti, usingemgusa mtoto hata mmoja. Na jambo moja halijapatiwa maelezo ya kuridhisha hadharani: pesa za shule isiyokuwepo ziliingia benki ipi, katika akaunti iliyofunguliwa kwa sahihi ya nani?

Kwa haki, Mbadi anastahili sifa kidogo. Alisema ukweli pale ambapo wengine wangepaka rangi. Hazina yake inabeba riba za madeni zinazozidi shilingi trilioni moja kwa mwaka, zaidi ya bajeti yote ya elimu, na baada ya Juni 2024, vijana walipoingia barabarani na Mswada wa Fedha ukaondolewa, kupandisha kodi si jambo la kujaribu ovyo. Anayesema pesa zipo tele adanganya. Ila bajeti ni kupanga yapi yaanze na yapi yangoje, na mwaka huo huo Wakenya walionyeshwa jinsi mpangilio huo unavyoweza kubadilika kwa haraka. Makadirio ya 2025/26 yalipofika Bungeni, fungu la kugharimia mitihani ya kitaifa halikuwa na hata senti. Wazazi wakapiga kelele, wabunge wakatafuta, na bilioni 5.9 zikapatikana. Zilitoka kwenye sanduku lile lile lililosemekana kuwa tupu.

Mzazi wa Butere naye sanduku lake lilikuwa na pesa zamani. Lilijazwa na miwa. Kwa zaidi ya miaka 40 kiwanda cha Mumias, kilichoanza kusaga mwaka 1973, kilinunua miwa ya wakulima wa eneo hili, na malipo ya miwa ndiyo yaliyokuwa karo. Mwalimu mkuu alikubali kungoja kwa sababu alijua shamba liko, trekta litakuja na hundi itafuata. Kiwanda kikaanza kuyumba, malipo yakachelewa, na mwaka 2019 kikawekwa chini ya mrasimu. Kikafunguliwa tena chini ya kampuni ya Sarrai kutoka Uganda, huku kesi zikirundikana mahakamani. Katika miaka hiyo wakulima wengi waling'oa miwa wakapanda mahindi, ambayo huliwa nyumbani na hayaleti hundi. Ndiyo maana shilingi 5,344 zilizopungua, pesa ambazo afisa wa Nairobi anaweza kuzitumia kwa chakula cha jioni na wageni, zinaweza kumtoa msichana wa Shianda shuleni muhula mzima.

Hapa ndipo basari inapoingia, na ndipo siasa inaponoga.

Mzazi aliyekwama hatafuti Hazina ya Kitaifa. Anatafuta fomu. Kuna fomu ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, katika ofisi ya mbunge, kuna fomu ya kaunti kupitia wadi, na kuna nyingine za wafadhili na makanisa. Kila moja inataka sahihi ya chifu, muhuri wa shule, barua ya mchungaji au imamu, nakala ya kitambulisho, na cheti cha kifo kama mtoto ni yatima. Mama anapanda bodaboda mara tatu kabla fomu haijakamilika, na akibahatika anapata shilingi elfu tatu au elfu tano. Siku ya kutoa hundi kunawekwa mahema, kipaza sauti na viti vya plastiki. Mheshimiwa anafika kwa kuchelewa, anapigwa picha akikabidhi hundi kubwa ya kadibodi, na wazazi wanapiga makofi kwa kurudishiwa sehemu ndogo ya kodi yao wenyewe.

Sheria inaipa NG-CDF angalau asilimia 2.5 ya mgao wa serikali ya kitaifa katika mapato, pesa zinazogawanywa katika maeneo bunge 290. Mfuko huo umejenga madarasa mengi na hakuna haja ya kulikana hilo. Hata hivyo, Septemba 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kuwa sheria yake inakiuka Katiba, kwa kuwa inamfanya mbunge awe mtunga sheria na mtekelezaji kwa wakati mmoja, na mabishano yakaendelea. Upande wa kaunti nao, Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti Margaret Nyakang'o aliwaandikia magavana kuwa elimu ya sekondari si kazi yao kikatiba na kwamba hawawezi kuilipia basari bila makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa. Magavana wakafoka, wakaenda kortini, na kwa majuma kadhaa wanafunzi wa Kakamega, kama wenzao kwingineko, wakawa hawajui kama basari ya wadi itakuja.

Huu ndio upotovu wa mfumo wetu. Pesa ambazo mtoto anastahili kwa haki, chini ya kifungu cha 53 cha Katiba kinachompa elimu ya msingi ya bure na ya lazima, zinapunguzwa kimya kimya. Zile ambazo mwanasiasa anaweza kuzigawa kwa mkono wake zinatetewa kwa jino na ukucha. Sababu haihitaji kutafutwa mbali. Mgao wa mwanafunzi huingia benki bila mahema. Hauna picha ya mtu. Hakuna mzazi aliyewahi kumpigia kura mbunge kwa sababu akaunti ya shule ilipokea asilimia 50 tarehe mbili Januari.

Kuna mbunge mmoja aliyeonyesha kwamba inawezekana kufanya vingine. Kiharu, kaunti ya Murang'a, Ndindi Nyoro aliacha kutawanya basari ndogo ndogo kwa wanafunzi wa kutwa, akaziunganisha katika mpango wa Masomo Bora. Mzazi akawa analipa shilingi 1,000 tu kwa muhula, chakula cha mchana kikiwamo. Nyoro ni mwanasiasa mwenye malengo makubwa na hajui kujificha kamera, hilo linaeleweka. Lakini hesabu yake imeumbua uongo mmoja wa zamani: kwamba pesa za kumsomesha mtoto wa kutwa hazipo. Zipo, zimegawanywa katika mifuko mingi mno, kila mfuko na mwenye funguo. Udhaifu wa mpango wa Kiharu ni kwamba unamtegemea Nyoro. Mtoto wa Butere hapaswi kungoja azaliwe mbunge mwenye moyo kama huo. Basari zote za serikali kwa wanafunzi wa kutwa ziingizwe kwenye mgao, na mgao utumwe shuleni moja kwa moja.

Majirani wamelijaribu hilo. Tanzania ilipofuta ada hadi kidato cha nne, Januari 2016, serikali ya John Magufuli ilianza kutuma kama shilingi bilioni 18.77 za huko kila mwezi moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Kiwango kwa mwanafunzi kilikuwa kidogo, madarasa yakafurika, na wazazi waliendelea kuchangishwa kwa majina mengine. Lakini mwalimu mkuu wa Tarime alijua tarehe ya pesa, na mtu anayejua tarehe hakopi kuni kwa riba.

Nje ya Kakamega, Butere hujulikana kwa shule moja. Butere Girls ilianzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1916 chini ya Jane Chadwick, na Grace Ogot, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri na naibu waziri, alisoma hapo. Aprili 2025 jina hilo lilivuma kwa sababu nyingine. Wasichana walifika Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la drama kuigiza Echoes of War, mchezo ulioandikwa na aliyekuwa seneta wa Kakamega Cleophas Malala, kuhusu vijana wanaoukabili utawala uliowachosha. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe. Polisi wakarusha vitoa machozi, Malala akakamatwa, na asubuhi ya Aprili 10 wasichana wakaingia ukumbini bila hadhira wala vifaa vya sauti, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Waziri wa Elimu Julius Ogamba hakukawia kuhoji mwanasiasa asiye mwalimu alifuata nini katika mchezo wa shule.

Ni swali ambalo waziri ana haki ya kuliuliza. Lakini wepesi ule, na magari yale ya polisi, vilionyesha kuwa Serikali hufika shuleni upesi ikitaka. Na kuna upofu mwingine uliojificha ndani ya kisa hicho. Nchi nzima ilijadili shule moja ya bweni yenye umri wa miaka zaidi ya 100, yenye majengo na wahitimu wa kuisemea. Watoto wengi wa Butere hawasomi pale. Wanasoma katika sekondari za kutwa zilizojengwa kwa harambee, kwa matofali ya wazazi na misumari ya kanisa, ambazo hazijawahi kutajwa kwenye taarifa ya habari ya saa moja. Shule ya bweni hutoza wazazi karo, na mgao ukipungua ina pa kujishikilia. Ya kutwa haina.

Hali si nzuri zaidi kwa wadogo zao. Sekondari Msingi iliwekwa ndani ya shule za msingi baada ya pendekezo la jopo la Rais mwishoni mwa 2022, kwa mgao wa shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi, na mingi ya migao hiyo nayo haijatimia. Masomo ya sayansi yanafundishwa katika madarasa yaliyojengwa kwa ajili ya kujifunza kuhesabu na kuandika. Walimu wake wengi waliajiriwa kama vibarua wa mafunzo kwa shilingi 20,000, hadi mahakama ya ajira iliposema Aprili 2024 kuwa kumwajiri mwalimu aliyehitimu kwa mtindo huo kunakiuka sheria. Watoto waliopita humo ndio waliofungua Gredi ya 10 Januari 2026, wakitakiwa kuchagua mikondo ya sayansi, sanaa au jamii katika shule ambazo nyingine hazina maabara yenye maji.

Kila kitu kilichotajwa hapa kiko ndani ya mamlaka ya kamati inayoongozwa na mbunge wa Butere. PAC inaweza kumwita katibu yeyote, kudai orodha ya akaunti za shule hewa na majina ya waliozifungua, na kupendekeza washtakiwe. Inaweza kuitaka Wizara ibandike kwenye ubao wa kila shule na ofisi ya kila chifu kiasi kilichostahili kutumwa muhula huu, kiasi kilichofika na tarehe yake, ili mzazi wa Manyala aache kumshuku mwalimu mkuu kwa pesa ambazo hazijawahi kutoka Nairobi. Na Bunge zima linaweza kukataa kupitisha bajeti inayotaja 22,244 huku ikitenga 16,900. Kama nchi haimudu, kiwango kipya kiandikwe na mzazi aambiwe kinachobaki ni chake. Kama inamudu, pesa ziwe benki kabla kengele ya kwanza ya muhula haijalia.

Mheshimiwa Mwale hana haja ya kwenda mbali kutafuta mashahidi. Awaite walimu wakuu wa sekondari za kutwa za wadi zake tano, kila mmoja aje na taarifa za benki za ile miaka minne iliyokaguliwa, kisha Katibu wa Elimu na Waziri wa Fedha waketi upande wa pili wa meza hiyo hiyo na kujibu shule kwa shule.